Mwaka Niliopimwa Nikiwa Kimya

Tasha, rafiki yangu wa shule, alinipigia simu nikiwa kazini Oakdale, kwenye nyumba ya wazee, nimepiga magoti namvisha bibi mmoja soksi. Sikupokea. Nilimpigia wakati wa mapumziko, nimekaa ndani ya gari, akaniambia kwamba bibi yake, Bibi Verna, amefariki. Watamzika kaskazini kwao, kwenye ardhi ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, lakini baadaye kutakuwa na chakula cha kumkumbuka hapa mjini, mtaa wa Phillips, na angependa nije. Nikaenda. Ilikuwa siku ya joto, milango ya ukumbi imeachwa wazi, feni zinazunguka, watoto wanaingia na kutoka na vikombe vya sharubati. Nilikaa pembeni na sahani yangu, kama ilivyo kawaida yangu, nikisikiliza. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa akimwambia mwenzake kwamba marehemu aliwahi kumfukuza kasisi jikoni kwa kuonja supu kabla haijaiva. Mwenzake akasema si kasisi, alikuwa fundi bomba, nao wakabishana juu ya hilo mpaka wakacheka. Tasha alipopata nafasi alikuja akaketi karibu nami. Tulikuwa hatujaonana tangu alipohamia Bloomington na kuanza kazi ya hoteli. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Bado unayo?" Nikamwambia ninayo. Akaitikia kwa kichwa, kisha akatazama miti iliyojaa majani nje.

Niliporudi nyumbani nilianza kuandika haya. Naandika polepole. Kila sentensi naiweka, naitazama, naiondoa, naiweka tena, kwa sababu kuandika Kiswahili nilijifunza shule ya msingi tu na mengine yote nimeyaokota njiani. Lakini mwaka ule nimekuwa nikiubeba kichwani muda mrefu bila kuuelewa, na nadhani hata nikiuandika sitauelewa. Basi nitauandika hivyo hivyo ulivyo.

Nilifika Minneapolis nikiwa na miaka kumi na saba na cheti cha darasa la saba. Hapa shule hupanga watoto kwa umri, si kwa walichojua, kwa hiyo niliingizwa sekondari moja ya upande wa kusini, katikati ya watoto waliozaliwa wakizungumza Kiingereza. Nilifanya nilichokijua, yaani kukaa kimya na kunakili ubaoni. Kimya changu kilipendwa na walimu wengi. Waliandika kwamba mimi ni mwanafunzi mtulivu, na Mama Mdogo, mdogo wa mama yangu niliyekuwa nikiishi naye, aliyasoma maneno hayo kwa wageni kana kwamba ni zawadi. Mwaka wa mwisho ulipoanza, mshauri wa shule aliniita akanieleza jambo moja bayana. Nilikuwa nimepungukiwa krediti moja, yaani hesabu ya somo lililofaulu, ya maarifa ya jamii, na somo pekee lililobaki na nafasi lilikuwa Masomo ya Wenyeji wa Asili. Nikifaulu, ningepata cheti mwezi wa sita. Nikishindwa, hakuna mwaka mwingine, kwa kuwa wakati wa kiangazi ningetimiza miaka ishirini na moja, na ukishafika hapo shule ya serikali haikupokei tena. Ningeanza upya kwenye madarasa ya watu wazima ya jioni, pamoja na kazi. Bila cheti kile nisingeweza hata kuomba kozi ya uuguzi.

Mama Mdogo nilipomwambia jina la somo alikunja uso. Alisema shuleni kwao walifundishwa kuhusu Wahindi Wekundu, farasi na manyoya, ukurasa mmoja, na mtihani wake ulikuwa maswali mawili. Jirani yetu Mama Shiku, Mkenya aliyefanya kazi za usiku hospitali na aliyekuja kwetu kila asubuhi kunywa chai kabla ya kulala, aliuliza, "Hiyo klasi iko na krediti?" Nikasema ndiyo. "Basi fanya, pita, songa mbele. Hakuna mtu atakuuliza kama uliipenda." Wakaendelea kuzungumza juu ya bei ya matairi ya theluji.

Mwalimu wa somo hilo, Mwalimu Corrine, alikuwa Mwojibwe mwenyewe, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na darasa lake halikuwa na safu za madawati. Tulikaa kwa duara. Kitu kilichonichanganya tangu siku ya kwanza ni namna alivyosema atatupima. Alisema hapendi mtihani wa karatasi kwa somo lile, kwa sababu watu wake wamepimwa kwa karatasi za wengine muda mrefu na kila mara wakaambiwa wameshindwa. Badala yake, kila mmoja wetu atafute jambo moja la kujifunza kutoka kwa mtu mzima wa jamii ile, alifuate kwa adabu inayotakiwa, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze. Atapima tulivyoomba, tulivyosikiliza, na tulivyorudisha kile tulichopewa. Mimi nilimwelewa neno kwa neno na sikumwelewa kabisa. Kwetu unapimwa ulichokishika kichwani. Kusikiliza kunapimwaje? Wengine walichagua haraka, mmoja uvunaji wa mchele wa ziwani, mwingine mikataba ya ardhi, mwingine kushona shanga. Mimi nilibaki mpaka Tasha, aliyekaa kulia kwangu na ambaye mpaka siku ile tulikuwa tumesalimiana tu, akasema kwamba bibi yake anajua hadithi, na kwamba anapenda watu wasiosema sana.

Adabu iliyotakiwa ilikuwa tumbaku. Ukitaka mzee wa kwao akufundishe unampelekea tumbaku mkononi, unasema unachoomba, naye akiipokea amekubali. Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama Mdogo, ambaye alikuwa amesimama jikoni na sare yake ya kazi. Kisha akauliza ni shule gani inayomtuma mtoto wa kike wa Kiislamu akanunue sigara. Nikamwambia si ya kuvuta, na hata hivyo mimi siruhusiwi kuuziwa, kwa umri. "Kwa hiyo nikanunue mimi," akasema. "Nisimame dukani, watu wa msikitini wanaingia kununua maziwa, wananiona mimi Rehema na pakiti." Alizunguka na jambo hilo siku kadhaa. Halafu jioni moja akaja chumbani kwangu na kikopo kidogo cha bati alichokuwa amepewa na mgeni mmoja aliyetoka Singida. Kilikuwa cha ugoro. Alisema bibi kizee hapelekewi sigara, hiyo ni dharau. Bibi kizee anapelekewa ugoro. Nilitaka kumwambia kwamba huenda si hiyo tumbaku wanayoisema, lakini alikuwa amekwisha kuufunga kwa kitambaa safi na kuufunga tena kwa uzi, na nisingeweza kuufungua.

Nyumba ya Bibi Verna ilikuwa ghorofa ya pili, mwendo mfupi kutoka shuleni. Ilikuwa mwezi wa kwanza, baridi ile ambayo puani inakuwa kama umepitisha sindano. Ndani kulikuwa na joto kupita kiasi, runinga imewashwa bila sauti, na harufu ya samaki na vitunguu. Bibi alikuwa mdogo wa umbo, amevaa sweta la timu ya mpira na miwani iliyofungwa kwa plasta. Nilimpa kitambaa kwa mikono miwili, nikasema sentensi niliyoikariri njia nzima. Alikifungua, akafunua kikopo, akanusa. Alipiga chafya mpaka miwani ikaanguka. Tasha aliruka kunyanyua miwani, mimi nikasimama pale nikitamani zulia linimeze. Bibi alipopata pumzi akanusa tena kwa makusudi, akapiga chafya tena, akaanza kucheka, akisema hii ni tumbaku ya watu wasio na mzaha. Akauliza ni nani ameifunga vizuri namna hii. Nikamwambia Mama Mdogo. Akakiweka kikopo dirishani, mahali pa heshima, kati ya picha za watoto wake. Alikuwa amepokea.

Tulikula kwanza. Supu ilikuwa na ule mchele wao mweusi mrefu, unaonuka kidogo kama majani makavu, na mkate wa kukaangwa ambao kwangu ulikuwa andazi lililokosa iliki. Nilikuwa nimeshika kijiko bila kukitumbukiza, naogopa kuuliza nyama ni ya nini, na Bibi bila kunitazama akasema ni samaki tu, mjukuu amemweleza. Baada ya kula alizima runinga. Akajikokota mpaka dirishani, akavuta pazia, akaitazama theluji iliyolala juu ya magari na vichaka. "Ipo," akasema, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Kisha akakaa akasimulia.

Hadithi ile siiandiki hapa. Ninaandika mwezi wa saba. Alipomaliza alisema ni yangu sasa, nimsimulie ninayetaka, lakini theluji ikiwa chini tu. Ikishayeyuka, ninyamaze mpaka irudi. Hakueleza kwa nini, na mimi sikuhitaji kuelezwa, kwa sababu kwetu hadithi zilisimuliwa usiku tu. Ukimwomba bibi hadithi mchana anakwambia utaota mkia, na ingawa hakuna aliyewahi kuuona mkia wa mtu, hakuna aliyethubutu. Njiani nikirudi nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilikuwa nimeelewa kitu bila kukitafsiri kichwani.

Tulikuwa tumepangiwa kusimama mbele ya darasa mwezi wa pili. Wiki ile Mwalimu Corrine aliugua ghafla, akafanyiwa upasuaji, na likizo yake ikarefushwa, ikarefushwa tena. Tulipewa mwalimu wa muda, kijana mpole aliyetuonyesha filamu. Theluji ikaanza kuwa nyeusi pembeni mwa barabara, ikawa madimbwi, ikaisha. Miti ikachipua. Mwezi wa tano tukaambiwa kwamba alama za somo haziwezi kubaki wazi, kwa hiyo atakuja bwana kutoka ofisi ya elimu kututathmini pamoja na mwalimu wa muda, kwa vigezo vilivyoandikwa. Ningeweza kumwandikia Mwalimu Corrine. Ningeweza kumwambia kijana yule. Nilipanga kila asubuhi kusema na kila jioni nilikuwa sijasema, nikijiambia kwamba Tasha yupo, Tasha ni wao, Tasha atasema.

Yule bwana wa ofisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tai yenye picha za samaki na alimshukuru kila mwanafunzi kwa jina. Vijana walisimama mmoja mmoja, wakaeleza uvunaji wa mchele na mikataba, naye akaandika. Tasha alieleza maisha ya bibi yake, shule ya bweni aliyopelekwa utotoni, namna alivyokuja mjini. Halafu ikawa zamu yangu. Nilisimama. Nilisema jina langu, nikasema nilimwendea Bibi Verna, na kwamba alinipa hadithi. "Vizuri sana," akasema yule bwana. "Tusimulie." Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi na mtu alikuwa akikata nyasi uwanjani. Nilisikia mashine ile ikienda na kurudi. Nilijua sentensi niliyopaswa kusema, ilikuwa fupi tu: haisemwi sasa. Lakini kumwambia mtu mzima mbele ya darasa zima kwamba anachoomba hakifai, hilo sikuwahi kulifanya maishani, wala sikujua linaanzia wapi mdomoni. Nikamtazama Tasha. Tasha akatazama magoti yake. Yule bwana akaniambia nisiogope, nichukue muda wangu. Akasubiri kweli, kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu kuliko hasira. Akaniuliza kama nimesahau. Sikujibu. Akasema naweza kukaa.

Korido ilikuwa imejaa watu wakifungua makabati yao. Tasha alinivuta mkono mpaka kwenye ngazi na alikuwa na hasira. Akaniuliza kwa nini sikusema tu kwamba si wakati wake. Nikamwambia nilikuwa namsubiri yeye, yeye ndiye mwenye mila. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kijinga na mtu anayempenda.

"Hadithi ni yako," akasema. "Bibi alikupa wewe. Mimi siwezi kukusemea kabla hujaniomba. Kwetu hatufanyi hivyo."

"Na kwetu mtoto hamkosoi mtu mzima mbele za watu."

Tukasimama pale. Nadhani sote wawili tulikuwa tukitafuta ni nani wa kulaumiwa, na kila tulipompata alikuwa amelelewa vizuri. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nyumba mbili zilitufundisha adabu, na adabu zile zilipokutana chumba kimoja hakuna aliyefungua mdomo.

Alama zilitoka Ijumaa. Sehemu ya kusimulia nilipata sifuri, na sifuri ile iliangusha somo zima. Mama Mdogo alisoma kwenye simu yake tukiwa mezani, kisha akamsogezea Mama Shiku simu hiyo. Mama Shiku ndiye aliyesema. Alitaka kujua nilikosea swali gani. Nikasema hapakuwa na swali. "Haukujua story?" Nikasema niliijua. "Uliijua, ukaulizwa, ukanyamaza." Nikasema ndiyo. Akamgeukia Mama Mdogo na kusema kwamba yeye amesomesha watoto watatu hapa Amerika na hii ni mpya. Binti yake mdogo, aliyekuwa akichezea simu kwenye kochi, akauliza kwa Kiingereza kwa nini sikubuni tu hadithi nyingine. Mama yake akamwambia aweke simu chini. Lakini usiku kitandani swali lake lilinisumbua, kwa sababu halikuwa limenijia kabisa, na lilikuwa swali zuri.

Wiki ya mwisho ya shule Mwalimu Corrine alirudi kukusanya vitu vyake na kufunga alama alizoachiwa. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Tasha alikuwa amemfikia kabla yangu, kwa kuwa nilimwomba, kwa maneno kabisa, anisemee. Mwalimu aliniita darasani baada ya saa za masomo. Viti vilikuwa vimepangwa juu ya meza, vimebaki viwili tu chini, na tukavikalia tukitazamana. Aliniambia amesikia. Aliniambia pia kwamba asingeweza kufuta alama ya mtu mwingine kwa maneno ya rafiki, kwa hiyo ataniuliza mwenyewe.

"Ulinyamaza kwa sababu theluji ilikuwa imeisha," akasema, "au kwa sababu uliogopa?"

Ningejibu theluji, mambo yangekwisha. Nilijua hilo, na naamini yeye alijua kwamba najua. Lakini alipouliza nilirudi kichwani kwangu kwenye siku ile, kwenye mashine ya kukata nyasi, nikajitazama nimesimama pale, na sikuweza kuviona viwili vile vikiwa mbalimbali. Kama theluji ingekuwepo, ningeweza kusimulia mbele ya watu wote wale? Na kama ningekuwa msichana hodari wa kusema, ningekumbuka kunyamaza? Mpaka leo nikikaa na wazee kazini, wengine hawasemi kwa kuwa hawawezi na wengine kwa kuwa hawataki, nami nawapa kifungua kinywa kile kile.

"Sijui, mwalimu," nikasema.

Alisogeza kiti chake. Kisha akasema basi nimweleze ninachokijua, kuanzia mwanzo. Nikaanza na ugoro. Nilieleza kitambaa na uzi, chafya, miwani yenye plasta, supu ambayo sikuweza kuuliza habari zake, pazia lililovutwa. Nilieleza nilivyoambiwa. Nilieleza na bibi yangu wa kwetu na mkia. Sikumbuki niliongea kwa muda gani, ila nakumbuka kwamba yeye hakuandika chochote. Alicheka mahali pa chafya, akashika tumbo kwa maumivu ya mshono, akaniashiria niendelee. Nilipomaliza akainama mbele, uso wake karibu na wangu, akauliza kwa sauti ile yake ndogo, "Na hadithi yenyewe, ilihusu nini?"

Nilishangaa. Nje jua lilikuwa kali, watoto walikuwa wakirushiana maji. Nilidhani ananitega. Halafu nikakumbuka kwamba toka nimeingia alikuwa ameniita mara mbili kwa jina la msichana mwingine, na kwamba Tasha alinionya dawa zinamfanya asahau. Sikujua kama mbele yangu yupo mwalimu anayenipima au mgonjwa anayetaka kusikia hadithi. Nilimpenda sana dakika ile, na ningempa chochote.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Sasa hivi haisemwi."

Uso wake haukubadilika. Hakutabasamu kama mtu ambaye mtego wake umefanya kazi, wala hakushtuka kama mtu aliyekumbushwa. Akajiegemeza, akafunga macho kidogo, kisha akavuta kompyuta yake akaandika kitu na kuniambia niende nyumbani, atanitumia salamu kwa Tasha.

Nilifika nyumbani Mama Mdogo akiwa jikoni anasonga ugali, Mama Shiku mezani na chai yake kabla ya kwenda kazini, simu ya Mama Mdogo imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Alama ilikuwa imekwisha kuingia. Nilikuwa nimefaulu somo, si kwa alama ya juu wala ya chini. Cheti kilikuwa changu. Mama Mdogo akataka kujua nimemwambia mwalimu nini hata akabadilisha. Nikamweleza yote, na nilipofika mwisho akasimamisha mwiko.

"Umemkatalia mwalimu?"

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Mgonjwa. Ametoka hospitali. Amekuomba kitu."

"Ndiyo."

"Na amekupitisha."

"Amenipitisha."

Alimtazama Mama Shiku, na Mama Shiku akasema, "Rehema, mpongeze mtoto kwanza. Kumgombeza utamgombeza kesho." Mama Mdogo hakuweza kungoja kesho. Alinipakulia ugali mwingi kuliko kawaida, na maharage, na kipande cha samaki alichokuwa amejiwekea mwenyewe, na huku akipakua alikuwa akinipongeza na kunigombeza kwa pumzi moja, kwamba nimepata cheti, kwamba mtu hasemi hapana kwa mwalimu, kwamba Mungu ni mkubwa, kwamba sikulelewa hivyo. Nikakaa nikala, nikiitikia ndiyo, Mama Mdogo, ndiyo, bila kujua ni lipi kati ya yale ninaloliitikia.